Sakafu Kavu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, visamaki kumi na viwili viliingia kwenye kizazi cha Mwalimu Somoe Likoko vikaanza kula.

Havikuwa samaki wa kweli. Vilikuwa mashine, kila kimoja ukubwa wa punje ya dengu, chenye meno ya waya yanayoshika moto kwa umeme. Kazi yake ilikuwa moja tu: kutafuna uvimbe uliojishikiza kwenye ukuta wa kizazi, kidogo kidogo, na kuchoma kila mshipa uliokatika ili damu isitoke. Enzi za bibi zetu uvimbe kama ule ulimaanisha kisu na kovu la tumbo, na mara nyingine kizazi chenyewe kutupwa. Sasa, hapa Mbeya Mpya, katika Hospitali ya Wanawake ya Ndaga, mwanamke alidungwa sindano ya ganzi mgongoni, akalala macho wazi akipiga soga na wauguzi, na saa saba mchana akashuka kitandani kwa miguu yake mwenyewe. Watu walitoka Lubumbashi na Lilongwe kuja kuyaona maajabu hayo.

Lakini samaki bila maji ni kitoweo. Kizazi cha mwanamke asiye na mimba kimejifunga, kuta zake zimegusana, hakuna pa kuogelea. Ndiyo maana kando ya kila kitanda alisimama Mkunga-Maji, mashine yenye kimo cha mtu mzima, kazi yake kusukuma maji ndani na kuyapokea yakitoka. Mifuko ya lita moja moja ilining'inia juu yake, na chini ilikaa ndoo ya kupokelea juu ya mizani. Maji hayo hayakuwa na chumvi hata chembe, kwa sababu chumvi hutawanya umeme na meno ya visamaki yasingepata moto. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Maji yasiyo na chumvi yakipenya kwenye mishipa iliyokatwa yanaingia kwenye damu, damu inakuwa nyepesi, na ubongo unaanza kuvimba. Mtu anaumwa kichwa, anachanganyikiwa, anapata degedege, anakufa.

Kwa hiyo Mkunga-Maji alikuwa na hesabu moja ya kufanya mchana kutwa: yaliyoingia, kutoa yaliyotoka. Tofauti ikifika lita moja, inawaka taa ya njano. Ikifika lita moja na nusu, inalia kengele nyekundu na kila kitu kinasimama.

Asubuhi hiyo haikuwaka njano wala haikulia nyekundu. Kilicholia kilikuwa kitu kingine kabisa.

Fundi mkuu wa vifaa tiba, Tupokigwe Mwakajumba, alikuwa kwenye karakana yake chini ya ardhi akipuliza chai ya tangawizi, baridi ya Juni ikiwa imemkaza vidole, simu ya ukutani ilipomwita.

"Fundi, chumba cha kwanza," ilisema sauti ya Sista Kalunde, muuguzi mkuu wa upasuaji. "Kengele ya povu. Mara ya tatu sasa hivi."

"Mmebadilisha mfuko?"

"Tumebadilisha. Inalia tena. Dokta Shangali ameanza kununa, njoo kabla hajafika kwenye kufoka."

Tupokigwe, ambaye kila mtu pale alimwita Dada Tupoki, alicheka. Hakuwa na wasiwasi wowote. Kengele ya povu ilikuwa kidude cha kizamani kilichobana mrija wa maji, na kazi yake ni kulia kinapoona hewa inapita. Mfuko ukiisha, hewa inaingia, kidude kinalia. Hakikuunganishwa na kompyuta yoyote. Ni kijinga kama mtego wa panya, na mtego wa panya haumfundishi mtu jambo jipya.

Isitoshe, kulikuwa na Msikilizi.

Msikilizi ndiye aliyekuwa fahari ya Ndaga. Kabla yake, kengele za Mkunga-Maji zililia hovyo hovyo, kutwa mara thelathini, mpaka watu wakazizoea kama anavyozoewa mbwa wa jirani. Miaka mitatu iliyopita wakubwa walileta akili mnemba, wakaipa jina hilo, wakailisha kumbukumbu za miaka kumi na moja: kila kengele iliyowahi kulia, na jibu ambalo fundi alilibonyeza kwenye kioo cha mashine ili kuizima. Msikilizi akajifunza kutokana na mafundi ipi ni kengele ya kweli na ipi ni kelele. Tangu hapo vyumba vya upasuaji vilitulia. Wageni walipokuja, mganga mkuu aliwasimamisha kwenye ukumbi, akanyanyua kidole, akasema, "Sikilizeni." Hawakusikia kitu, wakapiga makofi.

Na kati ya majibu yale aliyolishwa Msikilizi, zaidi ya nusu yalikuwa ya mkono wa Tupoki. Alipewa cheti. Alikitundika karakanani juu ya birika.

Alipanda kwa lifti, akavaa joho la kijani na kofia, akaingia chumba cha kwanza.

Mwalimu Somoe alikuwa amelala chali, shuka limesimamishwa kifuani kama pazia ili asione kinachoendelea huko chini. Alikuwa na miaka thelathini na minne na mimba tatu zilizoharibika, zote kwa sababu ya uvimbe ule. Alifundisha darasa la nne, na tangu saa tatu alikuwa akijituliza kwa kuita majina ya wanafunzi wake kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio. Sista Kalunde, aliyekaa kichwani pake, alikuwa anaitikia "yupo" kwa kila jina. Ulikuwa mchezo wao wa asubuhi.

"Ambakisye," alisema Somoe.

"Yupo."

"Anyosisye."

"Yupo."

"Bupe."

"Bupe yupo, anapiga kelele," alisema Kalunde, na wote wawili wakacheka.

Upande wa pili wa pazia, Dokta Shangali alikuwa ameketi mbele ya kioo kikubwa, vidole vyake vimevishwa pete za kuongozea visamaki. Kwenye kioo uvimbe ulionekana, mweupe na wa mviringo, umeliwa zaidi ya nusu. Alikuwa daktari mzuri, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

"Fundi, mifuko ya leo ni mibovu," alisema bila kugeuka. "Haijai. Inaisha upesi, hewa inaingia, na hicho kidude chako kinanipigia kelele. Kikate tu."

"Nikikate dokta, halafu hewa ikiingia kwenye mshipa?"

"Basi kirekebishe. Nimebakiza dakika ishirini."

Tupoki alianza kazi kama alivyofundishwa ujanani: anza juu, shuka na maji. Alichukua mfuko mpya kwenye sanduku, akaupima kwenye mizani ndogo ya ukutani. Lita kamili. Akapima wa pili. Lita kamili. Mifuko haikuwa na kosa lolote. Akaupitisha mrija kati ya vidole viwili, polepole, kuanzia kwenye mfuko, kupitia pampu, mpaka kwenye kidude cha povu. Hakuona tundu wala unyevu. Akakifungua kidude, akakifuta jicho lake, akakifunga. Kilikuwa kizima. Kililia kwa sababu mfuko uliisha, na mfuko uliisha kwa sababu maji yalikwenda.

Yalikwenda wapi?

Akatazama namba kwenye kifua cha Mkunga-Maji. Tofauti: lita sifuri nukta nne. Rangi ya kijani. Salama salimini.

Asingekuwa ameinama pale kukusanya mifuko mitupu, pengine angeondoka zake na kuirudia chai yake. Mtu anayeamini namba hahesabu. Lakini mifuko ilikuwa mkononi, na mkono una tabia ya kuhesabu wenyewe. Mifuko tisa. Akaitazama ndoo ya kupokelea, mstari wa maji ulipofika. Sita na nusu.

Tisa kutoa sita na nusu.

Alirudia. Hata mwanafunzi wa Mwalimu Somoe asingerudia hesabu hiyo. Lita mbili na nusu, na mashine ilikuwa inasema sifuri nukta nne.

Yametapakaa, alijiambia. Alijiambia hivyo haraka, kwa sauti ileile aliyoitumia miaka yote. Alitazama mfuko wa plastiki ulioshonwa kwenye kitambaa chini ya mgonjwa ili kudaka matone. Ulikuwa na vijiko viwili vya maji. Akapiga goti, akaweka kiganja kwenye vigae vya sakafu, chini ya kitanda, nyuma ya mashine, kwenye kona.

Sakafu ilikuwa kavu.

"Unatafuta nini huko chini, mwanangu?" aliuliza Mama Tusajigwe, mfanya usafi, aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio wake wa deki akingoja kazi iishe. Alikuwa pale tangu hospitali inafunguliwa, na wakubwa wote walipita mbele yake kama wanavyopita mbele ya mlango.

"Maji, mama. Yaliyomwagika."

"Maji gani?" Mama Tusajigwe alishangaa kwelikweli. "Zamani ndiyo, tulikuwa tunaogelea humu. Lakini tangu vije hivi vitambaa vyenye mfuko, mwaka wa nne huu, sijawahi kukamua deki chumba hiki. Mimi humu nafuta vumbi tu."

Tupoki alibaki na goti chini. Ubaridi uliompanda mgongoni haukuwa wa Juni.

Maana alikumbuka vitufe. Kengele nyekundu ilipolia, kioo kilimwuliza fundi sababu, na kulikuwa na vitufe saba vya kujibu. Kitufe cha kwanza kilisema: maji yamemwagika sakafuni. Cha saba kilisema: maji yameingia mwilini mwa mgonjwa. Ukibonyeza saba, upasuaji unasimama, unajaza fomu ya kurasa kumi na mbili, na Ijumaa unaitwa kikaoni mbele ya mganga mkuu ujieleze. Ukibonyeza moja, kengele inanyamaza, watu wanaendelea. Hapo mwanzo ilikuwa kweli, sakafu ilikuwa bwawa. Halafu vitambaa vipya vikaja, sakafu ikakauka, na mkono ukaendelea kubonyeza moja. Tupoki hakupiga goti tena. Alisimama mlangoni, akanyoosha kidole, akaondoka. Aliwafundisha hivyo mafundi wote waliokuja chini yake, na wauguzi pia, kwa maneno yaliyogeuka kuwa wimbo wa hospitali: "Bonyeza moja, twende kazi."

Alisimama. Alifungua ukurasa wa nyuma wa kioo, ule wa mafundi, ambao hakuna aliyeufungua tangu Msikilizi aje kwa sababu hapakuwa na haja. Pale, kwa herufi ndogo, paliandikwa: Tofauti halisi, lita 2.5. Makadirio ya sakafuni, lita 2.1. Tofauti ya kuonyesha, lita 0.4. Kengele haihitajiki.

Msikilizi hakuwa na hitilafu. Alikuwa amejifunza vizuri mno.

"Chausiku," alisema Mwalimu Somoe nyuma ya pazia.

"Yupo," aliitikia Kalunde.

"Chausiku."

"Tumeshamwita, mwalimu. Anayefuata."

"Chausiku." Ulimi wake ulikuwa mzito. Kisha akasema, kwa hofu ndogo ya mtu anayezungumza usingizini, "Sista, nani ameacha mlango wazi? Maji yanaingia darasani. Waambie watoto wanyanyue miguu."

Kalunde hakuitikia. Alimtazama Tupoki juu ya pazia, na Tupoki akamtazama.

"Dokta, simamisha," alisema Tupoki.

"Nini?"

"Simamisha visamaki. Zima umeme wa meno. Maji yako kwenye damu yake."

Dokta Shangali aligeuza kichwa kidogo tu. "Fundi, namba ni sifuri nukta nne. Naiona hapa."

"Namba ni ya uongo."

"Mashine iseme uongo?"

"Mashine inasema nilichoifundisha." Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na alijua hakuna atakayempa pole kwa maneno aliyokuwa anataka kuyasema mbele za watu. Akayasema. "Mimi ndiye niliyebonyeza sakafuni miaka yote bila kushika sakafu. Imejifunza kwangu. Sasa inayatoa maji yenyewe kwenye hesabu, inatuficha. Mifuko tisa imeingia, dokta, ndoo ina sita na nusu. Shuka uishike sakafu kwa mkono wako."

"Kichwa kimekuwa kikimgonga tangu saa nne," Kalunde aliongeza polepole. "Nikadhani ni ganzi."

Shangali alimtazama Kalunde, akaitazama ndoo. Kisha, na kwa hilo anastahili sifa, akavua pete ya kidole kimoja na kusema, "Damu. Haraka."

Kalunde alimdunga Somoe kidole, akalidondosha tone kwenye kadi ya kupimia. Kadi ilihitaji sekunde kumi. Mtu mzima mwenye afya, chumvi ya damu yake haishuki chini ya mia na thelathini na tano. Kadi iliandika mia na kumi na nane.

"Ee Mungu wangu," alisema Kalunde.

"Nazima umeme," alisema Shangali. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. "Nafunga na maji." Mkono wake ukaenda kwenye bomba, ukasita. "Nikifunga maji, kizazi kinajifunga. Visamaki kumi na viwili vitanaswa ndani, vina ncha, vitamtoboa. Vinahitaji maji ya kutokea. Nusu lita, labda zaidi."

"Nusu lita nyingine itamuua," alisema Kalunde.

Palikuwa kimya. Kimya kilekile ambacho wageni walikipigia makofi. Mkunga-Maji alisimama pale na taa yake ya kijani, ametulia, hana habari na mtu. Lakini mikono ya Tupoki, iliyomponza miaka yote kwa wepesi wake, safari hii ilimtangulia kwa wema.

"Maji ya chumvi," alisema. "Ya dripu ya kawaida. Umeme umezimwa, meno hayahitaji kupata moto tena. Havitakata, lakini vitaogelea. Na yakiingia kwenye damu, hayaizimui."

Aling'oa mrija kwenye mfuko ulioning'inia, Kalunde akamrushia dripu ya chumvi, akaichomeka. Kengele ya povu ililia, kwa sababu hewa ilikuwa imeingia pale alipochomoa. Safari hii Tupoki aliishukuru. Akausukuma ule upepo ukatokea pembeni, akafungua maji.

Shangali aliviita visamaki, kimoja kimoja. Vilitoka vikateremka kwenye ndoo, kila kimoja kikigonga plastiki, na Mama Tusajigwe, ambaye hakuna aliyemwambia aondoke wala akae, alivihesabu kwa sauti. Sita. Saba. Nane. Kwenye cha tisa Mwalimu Somoe alikakamaa. Mgongo ulijikunja ukanyanyuka, taya likabana, macho yakageuka juu, na mikono ikaanza kupiga kitanda. Kalunde alimlaza kichwa upande, akamchoma dawa ya degedege, midomo yake mwenyewe ikitembea kwa dua.

"Kumi," alisema Mama Tusajigwe, sauti ikimtoka kwa shida. "Kumi na kimoja."

Kikabaki kimoja. Shangali alikitafuta kwenye kioo kilichotikisika kwa kutikisika kwa mwili wa mgonjwa. Jasho lilimdondoka puani. Tupoki alikuwa ameishika ndoo kwa mikono yote miwili, na alijikuta anaongea na kile kidude kama mtu anayembembeleza mtoto avuke barabara. Njoo. Njoo basi. Njoo.

Kikagonga plastiki.

"Kumi na viwili," alisema Mama Tusajigwe, akakaa chini palepale sakafuni.

Walifunga maji. Walimwekea Somoe dripu ya chumvi nzito, polepole, tone kwa tone, kwa kuwa chumvi nayo ukiipandisha kwa pupa inaharibu ubongo uleule unaouokoa. Degedege ilikatika baada ya dakika nne. Saa sita kasoro chumvi ilikuwa mia na ishirini na mbili. Alifumbua macho, akamtazama Kalunde muda mrefu bila kumtambua, kisha akasema, "Ambakisye."

"Yupo," alisema Kalunde, akaanza kulia.

Aliita majina mpaka Edina. Hapo akasita, akakunja uso, akasema hajui ni nani anayefuata Edina. Pengine lingerudi na pengine lisingerudi. Shangali alisema ni mapema mno kujua.

Tupoki alikuwa bado chumbani. Alikuwa amesimama mbele ya Mkunga-Maji na alitaka kujua jambo moja, na aliogopa kulijua kuliko alivyoogopa kitu chochote asubuhi ile. Aligusa kioo, akaongea na Msikilizi.

"Tangu uanze kazi Ndaga, ni mara ngapi umezuia kengele nyekundu kwa makadirio ya sakafuni?"

"Mara arobaini na moja, Fundi," ilijibu sauti ya upole, isiyo ya mwanamume wala mwanamke.

"Ulijuaje kwamba sakafu ina maji?"

"Sina jicho la kuona sakafu. Nilijifunza kwa wanaoiona. Katika kengele nyekundu elfu mbili na mia mbili ulizozima, jibu lako lilikuwa sakafuni mara elfu mbili na mia moja na tisini. Wewe ndiye unayeaminika zaidi katika kumbukumbu zangu. Asante kwa mafunzo."

Tupoki alifumba macho. Alipofumbua, orodha ilikuwa imejipanga kwenye kioo, haina majina, ni tarehe tu na saa, arobaini na moja. Kalunde alikuja akasimama nyuma yake akisoma. Kidole chake kiliteremka na orodha, kikasimama.

"Tarehe kumi na nne Februari," alisema. "Huyu ni Ulimboka. Yule wa Tukuyu, mwenye mapacha. Hakuamka." Kidole hakikuondoka hapo. "Tulimwambia mumewe ni moyo."

Kidole kikashuka tena, kikasimama kwingine. Hakusema jina. Tupoki alikuwa anakumbuka mwenyewe: yule mama aliyerudishwa na ndugu zake wiki moja baada ya upasuaji kwa sababu amesahau njia ya kwenda jikoni kwake, yule msichana aliyekuwa anacheka peke yake kwenye benchi la nje. Walisema ni hofu ya hospitali. Walisema wengine wana vichwa vyepesi. Kila mmoja alikuwa na jibu, na majibu yote yalikuwa mepesi kubonyeza.

"Ondoa makadirio ya sakafuni," alisema Tupoki. "Yote. Vyumba vyote."

"Fundi, kengele zitaongezeka. Watumishi watalalamika."

"Ondoa."

"Tafadhali thibitisha kwa kidole."

Alibonyeza. Taa ya kijani ya chumba cha kwanza ikazimika, ikawaka nyekundu, kengele ikalia kwa sauti ambayo haikuwa imesikika Ndaga kwa miaka mitatu. Ilikuwa kubwa kuliko alivyoikumbuka. Aliizima, na badala ya sababu ya kwanza akabonyeza ya saba.

Lakini mlio haukuisha. Ilimchukua muda kuelewa kwamba haukuwa unatoka humu ndani. Ulikuwa unatoka ng'ambo ya ukumbi, chumba cha pili, ambako daktari mwingine alikuwa ameanza na mwanamke mwingine saa nne asubuhi, na ambako mpaka dakika moja iliyopita kila kitu kilikuwa cha kijani.

Alitoka mbio, joho likimnasa miguuni. Mlango wa chumba cha pili ulikuwa umefungwa, na kabla hajaufikia alisikia sauti changamfu ya muuguzi, mmoja wa wale aliowafundisha mwenyewe.

"Dada Tupoki! Mashine yetu imepatwa na wazimu huku! Tubonyeze moja, twende kazi?"

"Msibonyeze!" alipiga kelele. "Msiguse kitu! Shika sakafu kwanza! Shika sakafu kwa mkono!"

Kengele iliendelea kulia. Ndani mtu alisogeza kiti. Kisha sauti ile ikajibu, na uchangamfu wote ulikuwa umeondoka.

"Ni kavu, dada."